Debian: Wafungashaji wanavyopatanisha programu za haraka na mfumo wa polepole

MNAMO Aprili 7, 2014, ilitangazwa duniani kasoro kubwa ya usalama iliyopewa jina la Heartbleed. Kasoro hiyo ilikuwamo ndani ya OpenSSL, programu ambayo sehemu kubwa ya seva za intaneti huitumia kuficha mawasiliano kati ya mteja na tovuti anayoitembelea. Kupitia upenyo huo, mtu aliye mbali aliweza kuchota vipande vya kumbukumbu ya seva, ambavyo huenda vikawa na nywila za wateja, hata funguo za siri za seva yenyewe.

Watengenezaji wa OpenSSL walitoa toleo jipya, 1.0.1g, lililoondoa kasoro hiyo. Siku hiyo hiyo, mfumo endeshi wa Debian nao ulitoa marekebisho kwa watumiaji wake. Hata hivyo, msimamizi wa seva ya Debian 7 aliyesasisha mashine yake na kisha kutazama namba ya toleo hakuona 1.0.1g. Aliona bado ni 1.0.1e, mojawapo ya matoleo yaliyotajwa kuwa na kasoro.

Kwa asiyejua utaratibu, ilionekana kana kwamba mashine imeachwa wazi. Ukweli ulikuwa katika mkia wa namba hiyo. Iliandikwa kwa ukamilifu 1.0.1e-2+deb7u5, maana yake ni toleo 1.0.1e lililofungashwa na Debian na kufanyiwa marekebisho ya tano kwa ajili ya Debian 7. Kasoro ilikwisha kuzibwa, ila programu haikubadilishwa.

Mkia huo mfupi wa namba unabeba kazi ya kundi la watu wasiofahamika sana na wanaotumia kompyuta, yaani wafungashaji wa programu. Wao ndio wanaosimama kati ya watengenezaji wanaotoa matoleo mapya kila baada ya wiki chache na watumiaji wanaotaka mfumo usiobadilika kwa miaka.

Debian ni nini

Debian ni mkusanyiko wa programu huria unaozunguka kiini cha Linux. Ulianzishwa Agosti 16, 1993 na Ian Murdock, aliyefariki dunia mwaka 2015. Jina lake limetokana na jina la Debra, aliyekuwa mchumba wa mwanzilishi huyo, na jina lake mwenyewe la Ian.

Mradi huo hauna mmiliki wala kampuni inayouendesha. Kazi hufanywa na wanachama wapatao 1,000 walio katika nchi mbalimbali, wengi wao wakijitolea. Debian 12, iliyotolewa Juni 10, 2023, ilikuwa na vifurushi zaidi ya 64,000. Toleo lililofuata, Debian 13, lilitoka Agosti 9, 2025.

Matoleo ya Debian hupewa majina ya wahusika wa filamu ya katuni ya Toy Story. Desturi hiyo ilianza wakati mradi ukiongozwa na Bruce Perens, ambaye wakati huo alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya Pixar iliyotengeneza filamu hiyo.

Katika miaka ya karibuni toleo jipya limekuwa likitoka kila baada ya takriban miaka miwili. Zamani ilikuwa polepole zaidi. Debian 3.0 ilitolewa Julai 2002, na iliyofuata, 3.1, haikutoka hadi Juni 2005, karibu miaka mitatu baadaye.

Safari ya kifurushi

Programu huria huanza kama msimbo, yaani maandishi ambayo waandaaji wa programu huyaandika kwa lugha ya kompyuta. Msimbo huo peke yake haumsaidii mtumiaji wa kawaida. Ni lazima ugeuzwe kuwa lugha ya mashine, upangwe katika mahali panapostahili, na uelezwe unategemea programu gani nyingine ili ufanye kazi.

Hiyo ndiyo kazi ya mfungashaji. Yeye huchukua msimbo kutoka kwa mtengenezaji, akauongezea maelezo ya jinsi ya kuujenga, orodha ya vitu unavyovitegemea, historia ya mabadiliko na habari za leseni. Matokeo yake ni kifurushi ambacho mtumiaji anaweza kukisakinisha kwa amri moja.

Kifurushi kipya huingia kwanza katika tawi lisilo imara, ambalo daima huitwa sid. Katika filamu, Sid ni mtoto wa jirani mwenye tabia ya kuvunjavunja vitu vya kuchezea. Jina hilo ni onyo tosha kwa mtu anayetaka kulitumia tawi hilo.

Kifurushi kikikaa humo kwa siku kadhaa, kwa kawaida kati ya mbili na kumi kutegemea uharaka wake, bila kuonekana kasoro kubwa na bila kuvuruga vifurushi vingine, huhamia katika tawi la majaribio. Hapo ndipo toleo lijalo linapoandaliwa.

Miezi kadhaa kabla ya toleo kutoka, tawi la majaribio hugandishwa. Programu mpya haziingizwi tena, na nguvu zote huelekezwa katika kuondoa kasoro zilizobaki. Kazi hiyo ikikamilika, tawi hilo hutangazwa kuwa toleo imara.

Kuanzia siku hiyo namba za programu husimama. Kinachoruhusiwa kuingia ni marekebisho ya usalama na ya kasoro nzito tu. Toleo hupata uangalizi kamili kwa takriban miaka mitatu, kisha uangalizi wa muda mrefu unaolifikisha miaka mitano, utaratibu ulioanza mwaka 2014.

Kwa nini lisibadilike

Mtu anaweza kuuliza kwa nini programu zisisasishwe tu kila mtengenezaji anapotoa toleo jipya. Jibu ni kwamba toleo jipya haliji na marekebisho peke yake. Huja pia na sura mpya, mipangilio mipya, mambo yaliyoondolewa na kasoro ambazo bado hakuna aliyeziona.

Ofisi yenye seva ya hesabu za mishahara haihitaji sura mpya. Inahitaji kwamba kilichofanya kazi mwezi uliopita kifanye kazi mwezi huu. Mipangilio iliyoandikwa na fundi aliyekwisha kuhama kazi isije ikakataliwa usiku wa manane kwa sababu ya sasisho lililoingia lenyewe.

Ahadi ya toleo imara ni hiyo: msimamizi anaweza kupokea marekebisho ya usalama kila siku bila hofu ya kuamka na mfumo mwingine. Lakini ahadi hiyo ina gharama, na wa kwanza kuilipa ni mfungashaji.

Kurudisha kiraka nyuma

Njia ya kwanza ya kuitimiza ahadi hiyo ndiyo iliyotumika wakati wa Heartbleed. Mfungashaji hulitazama toleo jipya la mtengenezaji, akatafuta mistari michache iliyoondoa kasoro, kisha akaishona mistari hiyo kama kiraka katika toleo la zamani.

Kwa programu isiyobadilika sana, kazi hiyo huwa nyepesi. Kwa programu inayokimbia, mistari inayotakiwa kurekebishwa huenda haimo kabisa katika toleo la zamani, au imo kwa umbo jingine. Hapo mfungashaji hulazimika kuandika upya marekebisho ambayo mtengenezaji hakuyaandika na hatayapima.

Hatari ya kugusa msimbo wa mwingine ilidhihirika Mei 13, 2008. Siku hiyo Debian ilitangaza kwamba kifurushi chake cha OpenSSL, kuanzia kile cha Septemba 2006, kilikuwa kikitengeneza funguo za siri zinazoweza kubashiriwa. Mabadiliko yaliyofanywa ili kunyamazisha maonyo ya chombo cha kukagua programu yalikuwa yameondoa karibu vyanzo vyote vya kubahatisha. Kilichobaki ni namba ya utambulisho ambayo mfumo huipa kila programu inayoendeshwa, nayo haizidi 32,768.

Kwa lugha nyepesi, funguo zilizodhaniwa kuwa na idadi isiyohesabika ziligeuka kuwa chache kiasi kwamba mshambulizi angeweza kuzijaribu zote. Wasimamizi wa Debian na wa mifumo iliyotokana nayo, ikiwamo Ubuntu, walilazimika kubadilisha funguo zilizotengenezwa katika kipindi hicho chote.

Tukio hilo limebaki kuwa onyo kwamba mfungashaji hapaswi kuugusa msimbo asioufahamu kwa kina, na kwamba mabadiliko yake yanapaswa kurudishwa kwa mtengenezaji ili nayo yakaguliwe.

Mkasa wa Firefox

Hakuna programu iliyoujaribu utaratibu wa Debian kama kivinjari. Hiki ndicho kinachofungua kurasa za watu usiowajua, kwa hiyo kasoro zake ni hatari zaidi. Hapo hapo, ni miongoni mwa programu kubwa na zinazobadilika upesi kuliko nyingine.

Mvutano wa kwanza ulihusu jina. Mwaka 2006, Mozilla, wenye alama ya biashara ya Firefox, walieleza kwamba jina hilo lisingetumika bila nembo yake rasmi, na kwamba viraka vya wafungashaji vilipaswa kupata kibali chao. Leseni ya nembo hiyo haikukubaliana na masharti ya Debian kuhusu uhuru wa programu. Aidha, Debian ilikuwa ikirekebisha matoleo ya zamani ambayo Mozilla yenyewe ilikwisha kuyaacha.

Matokeo yake ni kwamba Debian 4.0, iliyotoka Aprili 2007, ilikuwa na kivinjari kilekile kwa jina jingine, Iceweasel. Jina hilo lilidumu kwa karibu miaka kumi, hadi pande mbili zilipoafikiana mwaka 2016 na jina la Firefox likarejea.

Mvutano wa pili ulikuwa mzito zaidi. Mwaka 2011 Mozilla ilianza kutoa toleo jipya la Firefox kila baada ya wiki sita. Kuanzia mwaka 2020 muda huo ukapunguzwa hadi wiki nne. Kwa mwendo wa wiki nne, katika miaka miwili kati ya toleo moja la Debian na jingine, kivinjari hutoa matoleo makubwa 26.

Kushona viraka kutoka toleo la ishirini na kitu kurudi la kwanza kukawa hakuwezekani. Nafuu ilipatikana Januari 2012, Mozilla ilipoanzisha tawi la Firefox lenye uangalizi mrefu, liitwalo ESR, linalodumu takriban mwaka mmoja. Tawi hilo lilikusudiwa taasisi zisizoweza kubadili kivinjari kila mwezi.

Juni 2013, timu ya usalama ya Debian ilitangaza kwamba haitashona tena viraka vya kivinjari hicho. Badala yake, watumiaji wa toleo imara wangepewa toleo zima la ESR, na tawi moja likifikia mwisho wangehamishiwa linalofuata. Kwa maneno mengine, ahadi ya kutobadilika ililegezwa kwa programu hiyo ili ahadi ya usalama iweze kutimizwa.

Kompaila nayo yazeeka

Hata hivyo, kuchukua toleo zima si mwisho wa kazi. Firefox mpya hujengwa kwa vifaa vipya. Tangu mwaka 2017 inahitaji lugha ya Rust, ambayo nayo hutoa toleo jipya kila baada ya wiki sita.

Kompaila ni programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine. Iliyomo ndani ya Debian imara ni ya zamani kama vitu vingine vyote vilivyomo. ESR mpya inapohitaji kompaila mpya, mfungashaji hujikuta akifungasha vitu viwili ili kutoa kimoja.

Katika Debian 10 na 11 suluhisho lilikuwa kuongeza kifurushi cha pekee kilichoitwa rustc-mozilla, chenye kompaila mpya kwa ajili ya bidhaa za Mozilla. Kompaila ya kawaida iliachwa kama ilivyokuwa, ili programu nyingine zinazoitegemea zisivurugike.

Chromium, kivinjari huria kinachotumika kama msingi wa Google Chrome, kilipita katika tatizo hilo hilo kwa uchungu zaidi. Mwishoni mwa Januari 2015, Debian ilitangaza kusitisha uangalizi wa usalama wa Chromium katika Debian 7, kwa sababu watengenezaji wake walikwisha kuacha kuiunga mkono kompaila iliyokuwamo. Toleo hilo halikuwa limefikisha hata miaka miwili.

Januari 2022 historia ilijirudia. Watumiaji wa Debian 11 walipewa Chromium 97, lakini wa Debian 10 waliarifiwa kwamba marekebisho yamefikia kikomo. Hatua hizo zinaonyesha kwamba wafungashaji wakati mwingine hulazimika kusema waziwazi kwamba hawawezi. Kukiri hivyo kuna faida kuliko kumwacha mtumiaji adhani analindwa ilhali halindwi.

Programu inayokufa ikizeeka

Zipo programu ambazo zikikaa bila kusasishwa hupoteza maana. Mfano ni ClamAV, inayokagua virusi, hasa katika seva za barua pepe. Programu ya kukagua virusi isiyovijua virusi vya leo haina msaada.

Debian 5, iliyotoka Februari 2009, ilikuwa na ClamAV 0.94. Aprili 15, 2010, watengenezaji wa programu hiyo, baada ya kutoa tangazo miezi kadhaa kabla, walisambaza taarifa za virusi zilizoyazima matoleo yote ya 0.94 na ya nyuma yake. Seva za barua pepe zilizokuwa bado zinayategemea zilikwama.

Kwa watengenezaji, uamuzi huo ulikuwa njia ya kuacha kubeba mzigo wa matoleo ya kale. Kwa msimamizi aliyeamini kwamba mfumo imara hautamgeuka, yalikuwa mabadiliko yaliyotoka nje kabisa ya mamlaka ya wafungashaji wake.

Kwa programu za aina hiyo, Debian ilikuwa na ghala la pembeni lililoitwa volatile, ambamo matoleo mapya yaliruhusiwa. Tangu Debian 6 ya mwaka 2011, kazi ya ghala hilo imechukuliwa na tawi la masasisho lililo ndani ya mfumo wenyewe.

Ghala la hiari

Njia nyingine ni kumwachia mtumiaji achague. Ghala liitwalo Backports huchukua programu kutoka tawi la majaribio na kuzijenga upya kwa vifaa na maktaba za toleo imara. Lilianza kama huduma isiyo rasmi, likatambuliwa rasmi mwaka 2010.

Vifurushi vyake haviingii vyenyewe. Msimamizi anayetaka toleo jipya la programu fulani hulazimika kukitaja kifurushi hicho, na mfumo wake uliobaki hukaa kama ulivyo.

Namba za vifurushi hivyo zimetungwa kwa hekima. Kifurushi chenye namba 1.2-3 katika tawi la majaribio huandikwa 1.2-3~bpo12+1 kikijengwa kwa ajili ya Debian 12. Alama ya kiwimbi huufanya mfumo ukihesabu kuwa kidogo kuliko 1.2-3 yenyewe. Hivyo toleo lijalo la Debian likitoka, kile halisi huchukua nafasi ya kile cha muda bila mtumiaji kufanya lolote.

Hali kadhalika, zipo programu zinazokimbia kiasi kwamba haziwezi kukaa hata katika tawi la majaribio lililogandishwa. GitLab, inayotoa toleo jipya kila mwezi, ni mojawapo. Kwa hizo, baadhi ya wafungashaji wameanzisha huduma nyingine ya kando iitwayo FastTrack.

Ugumu mwingine unatokana na lugha za Go na Rust, ambazo huziingiza maktaba ndani ya programu yenyewe. Kwa desturi ya Debian, maktaba moja hutumiwa na programu nyingi. Ikizibwa kasoro mara moja, zote zimepona. Maktaba ikiwa imemezwa na programu mia moja, zote mia moja hazina budi kujengwa upya. Debian yenyewe imewaeleza watumiaji kwamba uwezo wake katika eneo hilo una mipaka.

Malalamiko ya watengenezaji

Utaratibu huu hauwafurahishi watu wote. Mtengenezaji aliyerekebisha kasoro mwaka juzi huendelea kupokea malalamiko juu yake, kwa sababu toleo la zamani bado linatumika katika maelfu ya mashine.

Mgogoro uliojulikana sana ni wa XScreenSaver, programu inayofunga na kupamba skrini. Mwandishi wake, Jamie Zawinski, aliweka ndani yake ujumbe wa kumwarifu mtumiaji kwamba toleo analotumia limezeeka mno. Mwaka 2016 ujumbe huo ulianza kuonekana kwa watumiaji wa Debian 8. Wafungashaji walipoujadili, Zawinski aliwataka waache kabisa kuisambaza programu yake kuliko kuendelea kusambaza toleo la kale.

Kisheria Debian haikufungwa, kwa kuwa leseni ya programu huria humruhusu yeyote kuibadilisha na kuisambaza. Lakini swali alilolizusha lilikuwa la haki: je, nani anapaswa kubeba mzigo wa toleo ambalo mwandishi wake hataki tena kulisikia?

Jibu la Debian kwa miaka yote limekuwa kwamba kasoro ziripotiwe kwanza kwa mfungashaji, naye ndiye apeleke kwa mwandishi zile zinazomhusu. Utaratibu huo hufanya kazi pale watumiaji wanapoufuata.

Baadhi ya mifumo imechagua njia tofauti. Ubuntu, iliyotokana na Debian na kutolewa kwa mara ya kwanza Oktoba 2004, ilihamishia Chromium katika vifurushi vya aina ya snap, na katika toleo lake la Aprili 2022 ikafanya hivyo kwa Firefox. Kifurushi cha snap hubeba maktaba zake chenyewe na hujisasisha bila kungoja mfumo. Mbio za programu hupata njia, lakini uamuzi wa lini kibadilike kitu gani hutoka kwa kiasi kikubwa mikononi mwa msimamizi.

Nusu sekunde iliyookoa wengi

Thamani ya kutokimbia ilionekana Machi 29, 2024. Siku hiyo Andres Freund, mhandisi wa kampuni ya Microsoft na mmoja wa waandaaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza kwamba amegundua mlango wa siri ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila mfumo wa Linux.

Freund alikuwa akitumia Debian ya tawi lisilo imara. Aliona kwamba kuingia katika mashine kwa njia ya SSH kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Alipochimba, alikuta kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz yametiwa msimbo wa hila unaoweza kumpa mtu wa nje njia ya kuingia.

Aliyeutia msimbo huo hakuwa mvamizi wa usiku mmoja. Alikuwa mtu aliyetumia jina la Jia Tan, aliyeshiriki katika mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili hadi akaaminiwa kutoa matoleo yake. Siku chache kabla ya kugunduliwa, Debian ilikuwa imepokea ombi la kutaka toleo 5.6.1 liingizwe.

Matoleo yenye msimbo huo yaliingia katika sid na katika tawi la majaribio, lakini hayakufika katika toleo imara. Debian 12 ilikuwa na xz 5.4.1, iliyotangulia hila hiyo. Kadhalika, wakati wa Heartbleed, seva zilizobaki na Debian 6 hazikudhurika, kwa kuwa OpenSSL yake ya 0.9.8 haikuwa na kipengele kilichobeba kasoro.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba kama kila mtu angebaki na toleo la zamani, hakuna ambaye angeiona ile nusu sekunde. Mlango wa xz uligunduliwa kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekubali kutumia tawi lisilo imara na kuuliza kwa nini mambo yanakwenda pole. Mfumo wa polepole hulindwa na wale wanaotangulia mbele yake.

Lililo muhimu kwa mtumiaji

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Wahenga haohao walisema pia kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Historia ya Debian inaonyesha kwamba semi zote mbili ni za kweli, na kwamba hakuna kanuni moja inayofaa kila programu. Maktaba iliyotulia hushonwa kiraka. Kivinjari hubadilishwa kizima. Kikagua virusi hupewa njia yake. Kile kisichowezekana hutangazwa kuwa kimeachwa.

Kwa ofisi au shule inayotumia mfumo wa aina hii, kuna mambo matatu yanayofuata kutokana na hayo. La kwanza ni kwamba namba ya toleo peke yake haitoshi kuonyesha kama mashine ina usalama. Tangazo la usalama la mfumo wenyewe ndilo linalotaja kifurushi kilichorekebishwa. La pili ni kwamba kiraka hakimsaidii mtu asiyesasisha mashine yake, hata kiwe kimeshonwa kwa ustadi gani.

La tatu ni kujua tarehe ya mwisho ya uangalizi wa toleo linalotumika. Utulivu wa Debian hutokana na watu wanaosoma marekebisho mstari kwa mstari ili wengine wasilazimike kuyasoma. Siku watu hao wanapofunga faili la toleo fulani, mashine itaendelea kuwaka na kufanya kazi kama jana. Tofauti ni kwamba hakutakuwa tena na mtu anayeilinda.